Karabina ya Banda la Kuku

Asubuhi ile Kimya alikuwa akihangaika na mlango wa banda la kuku. Waya wa kuufungia ulikuwa umekatika, mbwa wa jirani anazungukazunguka, na Dada anaita kwamba gari limeshafika. Mezani kulikuwa na vifaa vya Dada vya kazi ya kushuka korongoni kwa kamba. Kimya akachukua karabina moja, kile kipete cha chuma chenye mlango wa springi. Alichagua yenye skrubu ya kukaza mlango, mbwa asije akaufungua. Akafungia kuku. Dada akakumba vyote vilivyobaki, pamoja na karabina ya kijani ya kuning'inizia ndoo, akatia begini.

Kazi ilikuwa kusoma kipimo cha maji kilichopigiliwa mwambani, chini kabisa ya korongo. Msaidizi wa Dada anaumwa, ndiyo maana kamchukua Kimya, mdogo wake. Ukingoni Dada akapekua begi.

"Ile yangu ya skrubu iko wapi?"

Kimya akaangalia viatu vyake. "Nimefungia kuku."

Dada alicheka mpaka dereva akageuka. "Basi leo kuku wako salama kuliko mimi." Akavaa ile ya kijani. Haina skrubu, lakini ni mara moja tu, si neno.

Kimya alitangulia kushuka kwa kamba, akatua kwenye kibaraza chembamba cha jiwe juu ya mto. Dada akafuata. Alipokaribia, mlango wa ile ya kijani ukasugua mwamba, ukafunguka, kamba ikachomoka. Dada akaanguka kibarazani kama gunia. Simu yake ikaruka mtoni. Mguu wa kushoto ulikunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Huko juu mto unakotoka mvua ilikuwa inanyesha. Maji yalishakuwa rangi ya matope, na mara yakaanza kulamba kibaraza. Kimya aliita dereva mpaka koo likakwaruza. Mngurumo ukameza kila kitu.

"Acha," Dada alisema, meno yanagongana. "Yule kashalala na redio yake. Utapanda."

"Na wewe?"

"Mimi naenda wapi na mguu huu, kucheza ngoma?"

Kimya akafungua karabina yake mwenyewe, ya skrubu, akamfunga nayo Dada kwenye chuma cha kipimo. Dada akamshika mkono.

"Hiyo ni yako. Ndiyo itakayokubeba."

Kimya akakaza skrubu mpaka mwisho. Maji yakipanda yatamgongagonga Dada kwenye jiwe, na mlango usio na skrubu utafunguka tena.

Dada akamtazama, akaona hamwezi. "Haya. Zilizobaki, soma ubavuni namba ya uzito zinaobeba."

"Ya kijani ina namba. Ya kuning'inizia nyundo ina namba. Ya kuning'inizia chupa ya maji haina kitu."

"Ya chupa tupa, hiyo ni ya kushikia funguo za nyumba tu. Itanyooka kama waya. Vaa hizo mbili pamoja, milango itazame pande tofauti. Mmoja ukifunguka, mwingine umefunga. Nionyeshe."

Kimya akamwonyesha.

"Geuza huo. Sawa. Nenda, usitazame chini."

Alipanda kwa vitanzi viwili vya kamba nyembamba vilivyozungushwa kwenye kamba kubwa, vile vinavyobana ukivikalia na kulegea ukivisukuma. Kiunoni kitanzi, mguuni kitanzi. Kaa, sukuma, simama. Viganja vikachubuka, damu ikafanya kamba iteleze. Kila jiwe lilipogusa zile karabina, aliitazama milango. Mlango mmoja ulibonyea kweli; wa pili ukatulia. Alitazama chini mara moja tu. Maji yalikuwa kifuani kwa Dada.

Dereva alishtuka usingizini kuona mtoto kanyakua usukani kupitia dirishani kwa mikono ya damu. "Vuta," Kimya alisema. "Polepole."

Waliishusha kamba, wakaifunga kwenye gari, na Dada akaihamishia karabina yake kutoka kwenye chuma hadi kwenye kamba. Dada alitoka korongoni amebadilika rangi, ile karabina bado imekazwa tumboni mwake.

Jioni, Dada akiwa hospitali mguu umefungwa plasta, Kimya alirudi nyumbani peke yake. Akaifungua karabina ya banda, akaifuta kwa sketi, akaurudishia mlango waya mpya. Kisha akakaa kizingitini na simu ya mama. Mbele ya Dada, pale kitandani, hakuweza kusema lolote.

*Dada, yako nimeitoa kwa kuku. Usivae nyingine tena. Niliogopa sana utaniacha.*

Akatuma kwa namba ya simu iliyolala kwenye matope ya mto, kule korongoni. Ikatokea tiki moja, ya pili haikuja.