Macho ya Mijusi wa Chekechea

Apa kwanza kwamba haya hayatatoka kinywani mwako. Umeapa? Basi sogea, maana mimi mwenyewe nimeshawaambia watatu tangu asubuhi.

Mimi ndiye ninayefagia darasa la chekechea na kushika ufunguo. Mwezi ule mwalimu aliwapa watoto picha za mijusi wa kale, wale waliokuwa wakiruka angani kabla binadamu hajakuwepo. Mdomo mrefu kama mkasi, mabawa ya ngozi kama mwavuli uliochanika. Watoto walipaka rangi mwili mzima, ila jicho wakaliacha jeupe. Jicho, mwalimu alisema, kila mtoto atalipaka siku ya wazazi, mbele ya mama yake, ndipo mjusi aamke.

Jioni moja nikaenda kufunga madirisha. Picha ya mjukuu wangu ilikuwa mezani, kalamu nyekundu pembeni yake. Mimi shule niliiacha darasa la pili, kalamu ya rangi sikuwahi kuishika. Mkono ukaniwasha.

Nikapaka jicho.

Asubuhi mjukuu wangu alilia mpaka akapaliwa. "Bibi, nani amemwamsha?"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilimshika mkono, nikamnong'oneza, "Labda yule mshonaji wa jirani. Ana mambo yake yule."

Mshonaji anaishi peke yake, dirisha lake linatazamana na darasa. Kosa lake? Aliwahi kuniambia gauni halijapungua, ila mimi ndiye niliyenenepa. Basi, hilo tu.

Neno likakimbia: mshonaji ni mchawi. Wateja wakachukua vitambaa vyao bila kushonwa. Kila aliyesita nilimwambia, ngoja uone. Jioni narudi, napaka jicho la pili, picha ya mtoto mwingine. Kesho yake la tatu. Mwenye nyumba akampa mshonaji mpaka Jumapili awe amehama.

Jumamosi, jua linazama, nilimkuta mlangoni pake anafunga cherehani kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitikia, nikiangalia ndala zangu.

Giza lilipoanza kuingia nikaenda darasani; picha zilikuwa zimetundikwa ukutani, safu mbili. Ile ya juu ilikuwa karibu na dari, mwalimu mwenyewe aliazima ngazi. Nikafunga madirisha yote. Nikatoa kalamu.

Harufu ikanijia... ngozi mbichi, iliyolowa.

Kra... kra...

"Nani?"

Nikageuka nyuma.

Panya, nikajiambia. Nikainama kwenye safu ya chini, napaka jicho la nne.

Kra... Safari hii juu ya kichwa changu.

Upepo ukanipiga shingoni, mara moja, kama kitu kimekunjua bawa.

Na madirisha nimeyafunga.

Taa ikawaka.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Kumbe walijibanza chumba cha pili wakisubiri mchawi: mwalimu, mwenye nyumba, wazazi, na mshonaji aliyeletwa aumbuke mbele yao. Mjukuu wangu alikuwa mbele kabisa.

"Nafuta vumbi," nikasema.

"Kwa kalamu?" akauliza mwenye nyumba. Watu wakacheka.

Mjukuu wangu hakucheka. Alivitazama vidole vyangu vyekundu. "Bibi, ulinishika mkono nikilia."

Ningeweza kuingia chini ya kile kiti kidogo cha watoto, ningeingia.

Mshonaji akasogea. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Mama, haya ya chini nimeyaelewa," akasema polepole. "Yale ya juu umeyafikiaje?"

Nikainua kichwa.

Safu yote ya juu. Mijusi kumi na wawili. Macho mekundu, yanang'aa kama yamelowa.

"Yale sikuyapaka," nikanong'ona.

Nani angeniamini? Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.