Mluzi wa Redioni

Mimi sauti ya mwongo naijua hata akipiga chafya. Mpe simu azungumze, nitakutajia na alipokaa. Marehemu mume wangu simhesabu. Mke mwenzangu nilimjua siku ya mazishi, analia kunishinda.

Tumwache apumzike, tumtazame Chiriku.

Chiriku alikuwa ukingoni mwa kitanda, na sare ya kazini hajavua. Kazi yake ni kuongoza ndege kutoka mnarani. Asubuhi hiyo alimwambia rubani mmoja asimame, asiingie kwenye njia ya kurukia, kwani ndege ya mizigo ilikuwa inatua. Rubani akaingia. Ya mizigo ikalazimika kupaa tena, roho za watu zikiwa kooni. Na rubani huyo ndiye Kapteni, mchumba wake. Ndoa mwezi ujao.

Simu ikalia kidogo. Ujumbe: "Mpenzi, kubali kosa leo, kabla wakubwa hawajasikiliza ukanda ulionasa mazungumzo ya redioni. Wewe watakuonya tu. Mimi watanipokonya leseni."

— Watakuonya! dada yake mkubwa akasoma, kidevu begani kwake. Yule mwenzenu wa mwaka jana si walimfukuza?

— Dada, nipishe.

— Nimekupisha. Ila mtu anayekuharakisha kuungama, mtazame mikono.

Dada akarudi chumba cha pili kupiga pasi, masikio akayaacha mlangoni.

Kazini kwao kuna sheria: rubani akiagizwa jambo, sharti alirudie kwa kinywa chake. Asubuhi ile Kapteni hakurudia. Ulikuja mluzi, ule unaotoka watu wawili wakibonyeza redio kwa pamoja, Chiriku akadhani jibu la Kapteni limemezwa humo. Hakuuliza tena. Angeulizaje, na wamenuniana? Jana yake alipekua simu ya Kapteni akitafuta mwanamke. Mwanamke hakumpata, aliyefumaniwa ni yeye, simu mkononi.

Kapteni akabisha hodi, akaingia na tabasamu lililopigwa pasi kuliko shati.

— Umeamua, mama?

— Kwanza niambie. Ulinisikia?

— Nilisikia mluzi tu. Mwanzo mluzi, mwisho mluzi.

— Hata neno moja?

— Hata herufi. Mwenye ndege ya mizigo alikuingilia.

— Basi tusubiri ukanda.

— Ukanda unaeleza ulichosema. Haujui nilichosikia mimi kule ndani.

Chiriku akayapima maneno hayo. Kweli tupu, na ndiyo iliyomtia shaka: mtu asiye na kosa hupata wapi jibu lililoiva hivyo?

— Huniamini, Kapteni akasema. Jana mwanamke, leo redio. Kesho utanishuku na mwavuli.

— Mwavuli haujawahi kunishawishi nijiharibie kazi.

— Nani anakuharibia? Nitakulisha mimi! Utakaa nyumbani, utapumzika.

— Nimekuambia nimechoka?

— Tatizo lako ni kiburi. Unapenda kuamrisha. Nyumbani unaniamrisha, hewani unaniamrisha. Mwanamume mzima, msaidizi wangu kaenda kukagua mlango nyuma, nipo peke yangu, nasikia, "Na safari hii unisikilize, baba!" Hiyo ni lugha ya kazi? Unanisuta redioni! Ndiyo maana sikuku...

Akakatika.

Pasi chumba cha pili ikaacha kugonga meza.

Chiriku alihisi uso unamwaka, kwanza kwa aibu, maana maneno hayo yalikuwa yake kweli, yalimponyoka kwa hasira mwishoni mwa agizo, na hakuwa amemwambia mtu. Kisha aibu ikapoa, kikabaki kitu kigumu.

— Ndiyo maana hukunijibu, akamalizia polepole. Ulinuna. Ulinisikia nikikuambia simama, ukanuna, ukaingia na abiria wako wote.

— Sikusikia! Hayo... hayo nimesimuliwa.

— Na nani? Ukanda haujafunguliwa.

— Na yule wa ndege ya mizigo.

— Si umesema ndiye aliyeniingilia? Aliyebonyeza redio azungumze atasikiaje?

Kapteni akapangusa shingo. Macho yakazunguka chumba, yakaenda mlangoni.

— Dada yako, akasema. Dada yako ndiye kaniambia, mchana, kwa simu.

Mlango ukasukumwa. Dada akasimama hapo, shati limening'inia mkononi.

— Mimi, shemeji? Mbona nimeyasikia sasa hivi, kinywani mwako!