Mayai ya Susu Munyiva

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nzilani alimpelekea bibi yake chai ya maziwa na mayai mawili. Susu Munyiva, kama walivyomwita kwa Kikamba, alikuwa ameteleza bafuni hapo nyumbani kwao Kitengela, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekwa chuma, akarudi nyumbani na fremu ya kutembelea.

Katika ukoo wao, susu hamalizi chakula sahanini mjukuu akiwapo. Humwachia kilicho kitamu. Kwa hiyo mayai yakaishia kwa Nzilani, na nyama ya jioni pia.

"Kula, mama," Susu alimnong'oneza. "Wewe ndiye unakua."

Nzilani, ambaye tumbo lake halikujua kukataa, alikula. Mama yake, Lorna, aliona sahani tupu akafurahi.

Siku ya kliniki walienda Kajiado. Saruni, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwomba Susu asimame. Susu alishika fremu, akajiinua, miguu ikatetemeka, akaanguka tena kitini. Saruni akapandisha kidogo leso aliyojifunga Susu. Nzilani alishtuka. Paja la bibi yake lilikuwa limebaki jembamba kama mkono wa mtoto.

"Mfupa unaunga vizuri," Saruni alisema, "lakini misuli imeisha. Huyu shosho wenu anakula nini?"

"Mayai, maharagwe, nyama," Lorna alijibu. "Na anamaliza yote."

"Basi sielewi. Tukiendelea hivi, hatatembea tena."

"Ni mimi nimekuwa nikila chakula chake," Nzilani alisema.

Lorna alimtazama binti yake, kisha Susu. "Mama, ni kweli?"

"Sasa nile nimalize na mtoto ananiangalia?" Susu alinung'unika. "Mimi niko na siku ngapi zimebaki?"

Nzilani akaanza kulia. "Susu, mimi sitaki mayai. Nataka utembee."

Susu alimfuta machozi. Hakuwa amefikiria hivyo.

Tangu siku hiyo walikula pamoja, kila mtu na sahani yake, kisha wakafanya mazoezi. Asubuhi moja Susu alitoka kitandani na fremu yake, akafika mezani bila kushikwa. Lorna aliacha sufuria jikoni, machozi yakimtoka.

"Umeona, Nzilani?" alisema. "Hospitali iliunga mfupa, lakini nguvu za mzee zinatoka kwa chakula chake. Ukimpenda, hakikisha amekula."

Susu alikuwa tayari anamenya yai la pili.

"Hili," alimwambia mjukuu wake, "hata usiliangalie."