Mrija wa Saba

Mirija ilikuwa saba na wanywaji walikuwa sita. Mtoto yeyote aliyewahi kuchambua maharage angeweza kuhesabu hilo. Kila siku saa kumi, Mzee Bazilio na wageni wake watano walikaa kukizunguka chungu cha pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake. Wakimaliza, Aline aliiosha mirija sita na kuitundika ukutani. Wa saba ulikuwa wa akiba. Ulining'inia pale tangu alipoanza kazi, mkavu, una utando wa buibui.

Jumatano moja aliunyanyua ule wa akiba ili aufute vumbi, akakuta umelowa. Machicha yalikuwa yamenasa kwenye kichujio chake, na bado yalikuwa ya moto.

Aline hakupiga kelele. Aliuosha, akautundika, akaenda kuchota maji kisimani. Huko alimkuta Longinus anamsubiri, amejifanya anakata majani ya ng'ombe.

"Wako wangapi?" Longinus aliuliza bila kumtazama.

"Saba," alisema Aline.

Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Msichana huyu wa miaka kumi na sita alikuwa mpelelezi. Msifikirie mambo makubwa. Hakufundishwa kitu, hakupewa kitu, hata viatu hakuwa navyo. Wakubwa wakiogopa shimo, humtuma mtoto achungulie. Longinus, mkuu wa sungusungu wa kijiji kile cha barabara ya Kibondo kwenda Kasulu, alikuwa na rungu, firimbi na wanaume arobaini, na bado alimtuma mtoto wa kambi ya wakimbizi akaombe kazi ya kufagia kwa Mzee Bazilio.

Longinus alitaka kujua kama Mzee Bazilio ndiye Kibiriti.

Jina la Kibiriti lilivuka mpaka kutoka Burundi kabla wakimbizi wenyewe hawajavuka. Kule milimani akina mama walilitumia kunyamazisha watoto. Ilisemekana alikuwa akifunga mlango wa nyumba kwa nje, watu wakiwa ndani, halafu anasimama uwanjani akigonga kiberiti kwenye ukucha wa dole gumba, tik, tik, tik, bila haraka, mpaka waliomo ndani waanze kuomba. Ndipo anawasha. Sura yake hakuna aliyeijua, kwa sababu walioiona hawakufika kambini kuisimulia.

Mzee Bazilio aliuza asali. Alikuwa na mizinga mbugani, karibu na mto Malagarasi. Alivaa sweta la kahawia, alikohoa kistaarabu, na kanisani alikaa benchi la mbele. Hivi ndivyo shetani anavyokaa, kama hamjui. Hakai nyuma.

Aline hakwenda pale kwa ajili ya Longinus. Alikwenda kwa ajili ya kaka yake, Ndayisaba. Mwezi uliopita watu walifika kambini wakitafuta vijana wa kufyatua matofali. Ndayisaba alifuata kazi, na hakurudi. Longinus alikuwa amesema, "Niletee idadi ya watu na saa wanayokutana wote. Nikivamia, namtoa kaka yako."

"Na kama hayumo?"

"Atakuwamo. Fagia tu, mwanangu."

Tangu siku Ndayisaba alipopotea, moyo wa Aline ulikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Ulikuwepo, lakini hauna habari. Alikula akipewa, alilala akiambiwa. Mama yao, Esteri, ndiye aliyelia kwa niaba ya wote wawili. Esteri alipika pombe na kuiuza pale kambini, na kilio chake kikubwa kilikuwa hiki: kwamba Ndayisaba alikuwa ameokoka, anambebea maji ya kupikia pombe na kuni za kupikia pombe, lakini hajawahi kuionja hata ncha ya ulimi. "Mchungaji wangu mkavu," alizoea kumtania. "Utakufa na kiu wewe." Sasa neno lile lilikuwa linamchoma.

Basi Aline alipoukuta mrija wa saba umelowa, aliwaza jambo moja tu. Kilikuwapo chumba cha ndani, kimefungwa kufuli. Kuna mtu wa saba humo, anatolewa kunyweshwa kisha anarudishwa. Kazi ya kumwaza huyo mtu ni nani haikumchukua muda.

Alhamisi alisimama na birika karibu na chungu, maana kazi yake ilikuwa kuongeza maji ya moto pombe ikipungua. Siku zote watu sita walimaliza birika mbili. Siku ile walimaliza tatu, kisha nne. Wageni walikuwa hawataniani tena. Harufu ilikuwa imeingia sebuleni, harufu ya nyasi za paa zilizoungua na kumwagiwa maji, na nyumba ile ilikuwa ya bati.

"Kipriani, sogea," mmoja alinong'ona. "Umemkalia."

"Nimemkalia nani?"

"Nyamaza unywe."

Kipriani, jitu la mabega kama mlango, aliinuka polepole, akakiangalia kigoda chake, akaenda kukaa chini upande wa pili. Nafasi kati yao ilibaki wazi, ya kumtosha mtu mmoja.  Macho ya Mzee Bazilio yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

Yafaa mjue adabu ya chungu, maana si kila mtu amelelewa. Mrija wa mtu hauazimwi. Na mgeni hanywi, hata awe amekauka koo, mpaka mwenzake aliyeketi pale amwite kwa jina. Aliyemwita ndiye mwenyeji wake. Atamnywesha, atamlaza, na hawezi kumfukuza mpaka mgeni mwenyewe aage. Waha wanalijua hili, na Warundi wanalijua. Mvulana anaweza kusahau katekisimu, hili hasahau.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu mchana. Ndio mwaka ule wa mvua za Elinino, barabara zimekuwa mito, na wageni hawakuja. Aline alikuwa anafagia maji mlangoni aliposikia nyuma yake, tik, tik, tik.

Mzee Bazilio alikuwa amekaa mbele ya chungu. Kiberiti kilikuwa mkononi, na alikuwa anakigonga kwenye ukucha wa dole gumba.

"Weka fagio, Aline. Keti."

Aliketi. Alijua sasa, na alingoja hofu imfikie. Haikufika.

"Longinus anakulipa nini?"

"Hanilipi, Mzee."

"Mshenzi yule. Mimi wapelelezi wangu nilikuwa nawalipa." Alikohoa. "Umemwambia tuko wangapi?"

"Saba."

"Saba," alirudia Kibiriti, akaacha kugonga kiberiti. "Kwa hiyo na wewe unamwona."

"Namwona nani?"

 Sura ya Mzee ikabadilika, ikawa laini kabisa, sura ya benchi la mbele.

"Kaka yako, mwanangu. Yumo chumba kile. Anaona haya kutoka, maana amekunywa kwangu siku zote hizi bila mtu kumwita. Mimi hataki nimwite. Labda wewe. Mwite kwa jina, kupitia mrija, kama mtu anayemkaribisha ndugu yake, naye atatoka, mtaondoka wote. Mimi nimezeeka. Nataka kulala tu."

Msimcheke Aline. Mwenye kutafuta ndugu hujibu hata bundi. Aliuchukua mrija wa saba ukutani, akauzamisha chunguni, akaweka mdomo kwenye ncha na kunong'ona:

"Ndayisaba. Ndayisaba kaka yangu, ni mimi, Aline. Njoo unywe."

Kufuli ya chumba cha ndani haikucheza. Lakini mrija ulivutwa kutoka kinywani mwake taratibu, kama mtu anavyomwondolea mtoto kijiko, ukasimama wenyewe juu ya chungu, na pombe ikaanza kushuka, ikashuka mpaka mstari wa povu ukaacha alama ukutani mwa chungu kama mto unaokauka, na ile harufu ya nyasi zilizoungua ikapanda, ikamzunguka, ikamkalia mabegani kwa uzito wa mtoto anayebebwa, na ndani ya mrija, pale ambapo pombe huleta sauti ya kunyonywa, kukatoka sauti ya watu wengi wanaokohoa kwa pamoja, wanaume kwa wanawake kwa watoto, halafu kikohozi kikajikusanya, kikajisafisha, kikawa sauti moja tu, ya kijana, iliyomwita jina lake kama alivyokuwa akiitwa nyumbani.

"Ndiyo," aliitika Aline.

Kibiriti alishusha pumzi, pumzi ndefu kama ya mzazi aliyejifungua.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne limenikalia, toka nyumba ile ya mwisho. Halina jina, halina kabila, nani angeliita? Sasa lina jina. Na lina mwenyeji."

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Chini ya mzinga wa tatu, ukitokea mtoni. Tangu mwezi uliopita. Alikataa bunduki, akaanza kuimba mapambio. Watu hawapendi." Alilala kwenye mkeka pale pale, akavuta sweta mpaka kidevuni. "Funga mlango ukitoka, mwanangu. Baridi."

Kabla Aline hajafika mlangoni, alikuwa anakoroma.

Jumamosi saa kumi, mvua ilipokatika, Longinus alivamia na wanaume wake arobaini. Walimkuta Kipriani na wenzake wanne wamekaa kwa raha, wanataniana. Kibiriti walimwamsha kwa rungu. Aliamka kama mtu aliyetoka kuoga, akanyoosha mikono afungwe, na alipopita mbele ya Aline akamwambia, "Asante, mama." Walipakiwa kwenye gari kwenda Kasulu. Wengine wanasema alifungwa, wengine wanasema ameonekana Buhigwe akiuza asali. Vyovyote vile, analala.

"Sita!" Longinus alimfokea Aline. "Uliniambia saba! Vijana wangu wametoboa mpaka dari. Wa saba yuko wapi?"

"Ameondoka na mimi," alisema Aline.

Longinus alirudi nyuma hatua mbili, akapuliza firimbi kuwaita vijana wake. Mtu jasiri sana yule.

Walimfukua Ndayisaba chini ya mzinga wa tatu. Walimzika upya, kwaya yake ikaimba. Aline alishika koleo kama wengine, na alipoambiwa alie, akasema kesho.

Siku ya tatu alikwenda Kasulu kwa Bi Anifa, mwanamke wa Ujiji aliyeolewa huko, mganga wa majini. Bi Anifa hakumkaribisha ndani. Alisimama kizingitini na chetezo cha ubani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Usiniongopee mlangoni kwangu. Ulimwita kwa jina la nani?"

"La kaka yangu."

"Alikuwa hai?"

"Nilidhani hai."

Bi Anifa alifukiza, akasoma, akamnyunyizia maji ya zafarani. Moshi wa ubani haukupanda. Ulizunguka mahali wazi kando ya Aline, kama maji yanavyozunguka jiwe. Mwisho yule bibi akaweka chetezo chini.

"Silitoi. Hukushikwa, ulilikaribisha. Jini likipewa jina la maiti hulivaa kama koti, na mwenye kulikaribisha ni mwenyeji wake. Linaweza kuondoka lenyewe tu. Sikiliza. Siku arobaini pombe isipikwe kwenu. Vyungu vipinduliwe. Likiita, msiitike. Likikosa kinywaji litaaga."

"Mama yangu anaishi kwa pombe, bibi."

"Basi mama yako ale mihogo."

Aline alitembea njia nzima ya kurudi, sehemu akapandishwa na lori la maharage. Alifika kambini siku ya pili, saa kumi, jua la mvua likiwa limewaka juu ya maturubai. Kabla hajafika mlangoni alisikia mama yake anacheka. Esteri hakuwa amecheka tangu mwezi uliopita.

Chungu kilikuwa katikati ya nyumba, kimejaa. Esteri amekaa upande mmoja, mrija kinywani. Mrija wa pili ulikuwa wa Aline, umeegeshwa. Na ulikuwapo wa tatu, mpya, umekatwa siku ile ile.

"Mama. Huo wa nani?"

"Keti, mwanangu, keti. Na sauti yako ishushe." Esteri alifuta macho kwa ncha ya kitenge, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Karudi. Mana yanje, Mungu wangu, karudi. Aliita pale nje jana, nikamwambia ingia. Amenikoholea usiku kucha, masikini, kifua kimembana. Anasema ana kiu."

"Mama," alisema Aline polepole. "Ndayisaba hanywi pombe."

Esteri aliacha kucheka. Alimtazama binti yake, akautazama mrija wa tatu. Kwa kitambo kidogo ilionekana wazi kwamba anajua, kwamba alijua tangu jana, tangu neno la kwanza. Halafu akageuza uso.

"Huko alikokuwa," alisema, "amejifunza."

Mrija wa tatu ulitikisika. Pombe ilishuka vidole viwili, na harufu ya nyasi za paa zilizoungua ikajaa chini ya turubai. Lilinyonya mpaka machicha yakakwaruza, kisha likanyamaza, likingoja.

Aline aliliangalia birika jikoni. Maji yalikuwa yanachemka. Alilichukua, akapiga magoti kando ya chungu, akaongeza maji ya moto, kwa sababu mgeni alikuwa wake.