Mguu wa Mzee Nyangwine

Kila alasiri akitoka shule, Bhoke alivua sare, akafagia chumba cha mbele na kutandika godoro jembamba sakafuni. Chumba hicho kilikuwa mahali pa kazi pa mama yake, Eunice, hapo Bomani mjini Tarime. Hapakuwa na kitanda wala chupa za mafuta. Masaji ya Kithai hufanyiwa chini, na mteja hubaki na nguo zake. Eunice alifundishwa na mwalimu kutoka Thailand, wakati alipokuwa akifanya kazi katika hoteli moja karibu na geti la Ikoma la hifadhi ya Serengeti. Kwa kila mteja alianzia kwenye nyayo, akapanda taratibu akikandamiza kwa viganja, vidole gumba na viwiko, kisha akamnyoosha mteja mikono na miguu. Mara nyingine alimkanyaga mgongoni, na hilo ndilo lililowapa watu wa Bomani maneno ya kuzungumza kwa miezi. Walinong'ona mpaka migongo yao wenyewe ilipowauma. Basi wakaja mmoja mmoja: madereva wa bodaboda, walimu, na Bi Samira mshona nguo, ambaye kuinamia cherehani kulikuwa kumemkakamaza shingo.

Zamani Bhoke alipenda kukaa kwenye kona na kutazama. Siku hizi alitandika godoro tu, basi. Tangu baba yake, Mseti, afariki ghafla mwanzoni mwa mwaka, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hakulia msibani. Shangazi zake walimsifu kuwa ni mtoto jasiri, lakini huo haukuwa ujasiri. Hakuhisi kitu. Alikula, alijibu maswali darasani, alifua, alilala.

Katika chumba cha uani aliishi Mzee Nyangwine, baba wa marehemu. Walimchukua kutoka kijijini Nyanungu baada ya mazishi ili asikae peke yake. Mzee aliyezoea kushinda na ng'ombe malishoni sasa alikaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, akiutazama ukuta wa jirani. Bhoke alimpelekea uji, akampelekea ugali, akarudisha vyombo. Hawakuongea sana, na hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa hilo.

Jumatatu moja babu alimwita. Alisema mguu wa kushoto unamuuma kwenye kigimbi na haumpi usingizi.

"Nikande, mjukuu wangu, kama mama yako anavyowakanda wateja wake," alisema. "Na usimwambie."

Bhoke hakuuliza sababu. Hakuna mtoto wa Kikurya asiyejua kwamba mke wa mtoto hamgusi baba mkwe wake, na baba mkwe hataji maungo yake mbele ya mkwewe. Eunice aliweza kuunyoosha mgongo wa mgeni yeyote aliyepita mjini, lakini mguu wa mzee aliyekula chakula chake kila siku hakuwa na ruhusa hata ya kuuliza habari zake. Mjukuu ndiye aliyeruhusiwa.

Babu akapandisha suruali. Kigimbi kilikuwa kimevimba, ngozi inang'aa, na Bhoke alipokishika alikikuta kina joto kuliko cha mguu wa pili. Alijua kwamba mama yake humwuliza kila mteja kabla ya kumgusa: una homa, una presha, umevimba mahali? Lakini mtoto gani wa kumhoji babu yake? Akapiga magoti, akakandamiza kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, kama alivyoona wakifanyiwa wengine. Babu alifumba macho, akasema anapata nafuu. Bhoke akanawa mikono, akaenda kufanya hesabu zake. Siku zilizofuata akafanya vivyo hivyo, kila mama alipokuwa na wateja.

Wiki hiyo hiyo alikuja Mwalimu Erasto, analalamikia kiuno. Eunice alipomwuliza maswali yake ya kawaida, mwalimu, kwa kuwa kazi yake ni kuuliza, hakujibu. Alitaka kwanza aelezwe kuvimba kunahusiana vipi na masaji. Bhoke alikuwa anaingia na mto.

"Mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa," Eunice alisema. "Ukiukanda, lile donge linaweza kung'oka likaenda kuziba kwenye mapafu. Mtu anakufa mikononi mwako, nawe unadhani unamsaidia. Huyo simgusi, huyo ni wa hospitali."

Bhoke akauweka mto chini, akatoka. Alisubiri hofu imshike, haikumshika. Alijua tu, kama mtu anavyojua jibu la hesabu, kwamba mikono yake ingeweza kumwua babu. Uani, mzee alikuwa ameshapandisha suruali, anamngoja.

"Babu, leo sikukandi," alisema. "Nakwenda kumwambia mama."

Mzee alimkazia macho. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Bhoke akithubutu, yeye atarudi Nyanungu na mguu wake huo huo, maana ni afadhali afe kuliko mkwewe kuujadili mwili wake. Bhoke aliiona aibu usoni mwake. Kumvunjia babu heshima lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo akageuka, akamwita mama nje, akamweleza yote bila kuficha hata siku moja.

Eunice akajitanda kanga, akaenda hadi mlangoni mwa chumba cha uani. Hapo akageukia ukuta ili asimwone mzee.

"Shikamoo, baba. Sijaingia, na mguu wako sijauona," alisema. "Lakini mwaka huu nimemzika mume wangu. Na baba yake sitamzika kwa ajili ya aibu. Jirani yetu Joel analeta bajaji. Bhoke ataingia nawe kwa daktari, mimi nitabaki nje."

Bajaji ilipofika, mzee alipanda.

Hospitalini daktari aliupima mguu kwa utepe, akauliza kama umekandwa. Mzee akajibu upesi kuwa haujakandwa. Bhoke alielewa kwamba babu anamkinga yeye. Ingekuwa rahisi sana kunyamaza.

"Nimemkanda mimi," alisema. "Tangu Jumatatu. Kwa nguvu."

Daktari hakumkemea. Aliweka kalamu mezani, akamwuliza mzee kama kifua kinambana. Mzee akakiri, shingo upande, kwamba tangu asubuhi akivuta pumzi kuna kitu kinamchoma. Hapo mambo yakaenda mbio. Alipimwa, ikaonekana damu imeganda mguuni, na daktari akahofia kwamba kipande kimeshafika kwenye mapafu. Alilazwa, akawekewa oksijeni, akaanza kuchomwa sindano za kuzuia damu isigande zaidi.

Bhoke na mama yake walikaa kwenye benchi hadi jioni. Daktari alipotoka aliwaambia kwamba mzee anaendelea vizuri, na kwamba neno la mtoto ndilo lililomfanya akichunguze kifua mapema. Bhoke alitaka kusema asante. Badala yake akalia kwa sauti mpaka watu wakageuka. Alimlilia babu, na katikati ya kilio akajikuta anamlilia baba. Eunice hakumnyamazisha.

"Mikono yako haina kosa," alimwambia baadaye. "Masaji hupumzisha mwili uliochoka, lakini si dawa ya kila kitu, ndiyo maana tunauliza kwanza. Mtu ambaye huwezi kumwuliza, usimguse. Na mkubwa akikuambia ufiche ugonjwa, hata akiwa babu yako, kumfichia siyo kumheshimu. Njoo useme."

Mzee Nyangwine alirudi nyumbani na vidonge vyake na amri ya daktari ya kutembea kidogo kidogo kila siku. Asubuhi ya kwanza alizunguka uani akishikilia bega la Bhoke, akasimama nyuma ya jiko, mahali ambapo Eunice, aliyekuwa akipika ndani, hakuweza kumwona. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Mama Bhoke," aliita, akiutazama ukuta. "Nakuambia mwenyewe. Mguu umepungua, lakini usiku uliniuma."

Eunice aliweka mwiko chini.

"Nimesikia, baba," Eunice alijibu. "Asante kwa kuniambia."