Daftari la Tombola

Kila Jumatano baada ya shule, Subira hutumwa sabuni na chumvi kwenye butiki, duka dogo la Yassine, karibu na soko la Kasongo. Siku hiyo alikuta daftari jipya mezani. Mteja aliyeandikwa humo angeingia kwenye tombola, bahati nasibu ya kushinda sufuria.

Yassine alimsalimu kwanza: habari za nyumbani, za mama, za baba. Subira amelelewa kujibu salamu za mkubwa mpaka mwisho, basi akajibu. Kisha Yassine akauliza zaidi, na kalamu yake haikupumzika. Aliandika namba ya simu ya mama, mtaa, na kwamba baba yuko mji wa Salamabila anauza mchele, atarudi Ijumaa kwa pikipiki. Daftari likabaki wazi mbele ya wanunuzi waliosubiri zamu.

Saa kumi na moja jioni simu ya mama iliita. Sauti asiyoijua ilimuuliza: mume wake Ayoubu atapita njia gani Ijumaa? Mama alikata simu.

"Huyu mutu ametoa wapi namba yangu? Nani amemwambia siku ya baba yako?"

Baba angepita msituni na mapato yote ya mchele. Subira alitamani kunyamaza, lakini kila alipofumba macho aliona watu wakimsimamisha baba njiani.

"Ni mimi, mama. Yassine aliniuliza, nikaona haya kutomjibu."

Mama hakumfokea. Alimpigia Ayoubu mara nne bila kumpata, na Subira akaanza kulia. Mara ya tano baba akapokea.

"Usitoke Ijumaa," mama alimwambia. "Ngoja wenzako, mukuje pamoja. Na siku usimwambie mutu."

Kesho yake asubuhi mama na Subira walikwenda butiki.

"Mama Subira, sikuwa na nia mbaya," Yassine alisema.

"Ninajua. Lakini daftari yako iko wazi, kila mutu anasoma."

Yassine aliona aibu. Aliichana karatasi ile, akampa mama.

Jumatatu baba aliingia salama pamoja na wafanyabiashara watatu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Subira alimkumbatia, hataki kumwachia.

"Mwanangu," mama alisema, "ukiulizwa habari za baba, sema ni mzima. Adabu inaishia hapo. Mwenye duka anahitaji kujua unanunua nini tu. Namba zetu na safari zetu ni za nyumba hii, na hata mkubwa unaweza kumwambia, 'Muulize mama.'"