Miguu ya Kibonge

Rafiki yangu mmoja huchora wahusika wa michezo ya kompyuta. Wa kwanza, Kibonge, alimchora kwa umbo la dada yake mdogo, mfupi na mnene, akamwahidi dada huyo kwamba hatambadilisha Kibonge kamwe.

Toleo jipya la mchezo likaja. "Siku hizi hata panya wa michezo wana kiuno," bosi akamcheka. "Mvute huyu awe mrefu."

Aliona aibu kusema kwamba yule ni dada yake, akaanza kuvuta miguu kwenye skrini. Kila akivuta, kitu kilikwaruza nyuma ya ukuta, taratibu, kama meza inayoburutwa.

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Kikawa giza tititi. Mkono wake ulitulia, ila mkwaruzo haukukoma.

Simu ikaita.

"Kaka, unanichora?" Alikuwa dada yake.

"Hapana, mdogo wangu," akadanganya, uso ukimwaka kwa aibu.

Sasa mkwaruzo ulisikika ndani ya simu.

Akakimbia nyumbani. Alimkuta dada kitandani, amejifunika shuka mpaka kichwani. Nyayo za miguu yake zilikuwa zimeshapita mwisho wa kitanda, na bado zilisogea, taratibu, kuelekea mlangoni.